Mtoto Aamkaye Usiku: Maneno kwa Wazazi katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji

Naona wapo majirani zetu wa Nyakahura, waliovuka mpaka wa Wilaya ya Biharamulo kuja kutusikiliza. Karibuni sana. Mtoto anayelia saa nane ya usiku hajui mpaka wa wilaya.

Mmezoea kuisikia ofisi yangu ikitangaza habari za barabara, madarasa na miradi ya maji. Leo nimeombwa nizungumzie jambo lisilo na kifungu katika bajeti yoyote ya Halmashauri: mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, aliyekwisha kutembea na kuanza kusema, ambaye kila usiku huamka mara tatu, nne, pengine tano, na kuiamsha nyumba nzima. Mimi si daktari. Nitakayoyasema nimeyakusanya kwa wauguzi wa kliniki za watoto na katika miongozo ya afya, na muuguzi wetu ameketi hapa mbele kwa ajili ya maswali.

Yamkini wapo wanaojiuliza kama jambo hili linastahili kuitiwa mkutano. Tangu lini watoto wakaacha kulia? Lakini mfikirieni mama wa huku kwetu. Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi amekwisha kuinuka. Maji yanamngoja, maharage yanamngoja, na mvua ikinyesha jembe halisubiri mtu aliyekosa usingizi. Akikosa usingizi usiku mmoja atavumilia. Akikosa mwezi mzima, chakula kinaungua jikoni, maneno yanakuwa makali, na baba anahamia chumba cha pili au kwa jirani. Mkono unaompiga mtoto saa tisa ya usiku ni mkono wa mtu ambaye saa tatu ya asubuhi asingethubutu kufanya hivyo. Wauguzi wanaeleza kwamba mambo ya hatari wanayoyaona kwa watoto hawa hayafanywi na wazazi wakatili. Hufanywa na wazazi waliochoka, ambao wangejaribu lolote waliloambiwa ili mradi walale.

Kwa hiyo nitaanza na hayo ya hatari.

La kwanza ni homa inayongojewa mpaka asubuhi. Katika utafiti wa taifa wa mwaka 2022, wastani wa maambukizi ya malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano nchini ulikuwa takribani asilimia 8; mkoa wetu wa Kagera ulikuwa zaidi ya mara mbili ya wastani huo. Maana yake ni kwamba huku kwetu, mtoto aliyekuwa analala vizuri akaanza ghafla kuamka na kulia, jambo la kwanza ni kumgusa kifua na mgongo. Akiwa na joto, asitafutiwe sababu nyingine kabla hajapimwa. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu kwa tone la damu kabla ya nusu saa kupita, na kwa sera ya nchi mtoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo katika vituo vya Serikali. Najua mnayotaka kuniambia: kuna siku dawa hazipo. Ni kweli zipo siku hizo, na hapo mwananchi ana haki ya kuuliza kamati ya kituo chake. Hata hivyo kumpima mtoto ili ujue anaumwa nini ni bora kuliko kumnunulia dawa ya kubahatisha.

Kwa ndugu zetu wa Biharamulo neno homa lina uzito wa pekee. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umethibitishwa wilayani humo. Tarehe 13 Machi mwaka huo huo ukatangazwa kwisha. Hofu ya miezi ile ilikuwa ya haki, lakini isitufanye tumfiche mtoto mwenye homa ndani. Homa nyingi za watoto wetu ni malaria, nimonia, masikio na tumbo, na zote hutibika zikiwahiwa.

La pili ni kikohozi cha usiku, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo. Mtoto anakohoa mchana kidogo tu. Akilazwa, kikohozi kinapanda, anatapika, anaamka analia. Jirani mwema anasema: huyo ana kimeo, mpelekeni akakatwe. Kimeo ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya koo. Kila mmoja wetu hapa anacho. Hakimwagi sumu wala hakileti kikohozi. Mtoto akilala, makamasi ya puani huteremka kooni, ndiyo maana hukohoa zaidi usiku kuliko mchana. Moshi wa kuni uliojaa ndani tangu chakula cha jioni huongeza. Kuna pia pumu, na kuna nimonia, ambayo ndiyo ya kuogopwa.

Sasa mtoto huyu anashikwa miguu na mikono, anakatwa kooni kwa kisu ambacho jana kilimkata mwingine. Damu ya koo haifungwi kitambaa. Mtoto huimeza, na mzazi haioni mpaka mtoto amelegea. Jeraha huingiwa na vijidudu, pepopunda ikiwamo. Atakayepona atasifiwa mkataji, na hapo ndipo penye mtego. Mafua ya kawaida huisha yenyewe katika wiki moja au mbili, na wazazi wengi humpeleka mtoto kwa mkataji wiki ya pili, wakati kikohozi kilikuwa kinaondoka hata bila kisu. Ndiyo maana bibi zetu wanasema kwa moyo mweupe kwamba kukata kimeo kunaponya. Hawasemi uongo; waliona kikohozi kikiisha. Basi nasema kwa heshima yao yote: wapelekeni kituoni. Vivyo hivyo kwa wale wanaoambiwa mtoto anahara na kulia kwa sababu ya meno ya plastiki. Lile linalochimbuliwa kwenye ufizi ni jino lake halisi linalojiandaa kuota.

Ukitaka kujua kama kikohozi ni cha kukimbilia usiku huo huo, mfunue kifua akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima ya saa ya simu. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Kama kifua chini ya mbavu kinabonyea ndani kila anapovuta pumzi, usingoje kuche. Usingoje pia kama hawezi kunywa wala kunyonya, kama anatapika kila anachopewa, kama amelegea na haamshiki, au kama ameshikwa na degedege. Mwenye degedege alazwe kwa ubavu, asiwekewe kijiko wala kidole mdomoni, asinyweshwe kitu, asifukizwe moshi, na safari ianze. Mwenye simu na asiyejua afanye nini apige 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya.

La tatu ni kumlewesha mtoto. Naona wengine wanainama. Wapo wanaompa vijiko viwili vya rubisi, na wapo wanaonunua katika duka la dawa ile dawa ya mafua au ya mwasho inayoleta usingizi, mtoto akanyweshwa ilhali hana mafua wala mwasho. Mtoto huyo halali kama mnavyolala ninyi. Amezimwa. Dawa za namna hiyo zaweza kudhoofisha pumzi ya mtoto mdogo, na pombe hushusha sukari katika damu yake usiku ambao hajala kitu. Siwezi kulisema hili kwa maneno laini zaidi ya haya.

Baada ya hayo makubwa yako madogo yanayomwamsha mtoto ambayo hayana hatari, nayo ni rahisi. Mtoto anayejikuna makalio usiku huenda ana minyoo, ile midogo myeupe mfano wa nyuzi. Majike yao hutoka nje kutaga mayai wakati wa usiku. Anajikuna, mayai yanaingia kwenye kucha, kucha zinaingia mdomoni, na kazi inaanza upya. Dawa za minyoo na matone ya vitamini A hutolewa mara mbili kwa mwaka kwa watoto wa chini ya miaka mitano, Juni na Desemba, tusikose. Kucha zikatwe, nguo za kulalia zifuliwe. Sikio linaloumwa huuma zaidi mtoto akilala chali. Na baridi ya Juni na Julai katika vilima vya Ngara ninyi mnaijua kuliko mimi: mtoto aliyekojoa saa sita na kuachwa na nguo mbichi ataamka saa saba, na atakuwa na haki.

Sasa tuseme mtoto amepimwa, hana homa, hana minyoo, kifua ni safi, uzito kwenye kadi unapanda, na bado anaamka. Huyu ndiye mtoto wa wengi wenu, na habari yake ni njema zaidi.

Hakuna binadamu anayelala moja kwa moja tangu jioni hadi asubuhi. Usingizi huenda kwa mizunguko. Kati ya mzunguko na mzunguko sote huzinduka kidogo, tunageuka, tunavuta blanketi, tunarudi, na asubuhi hatukumbuki. Mtoto naye huzinduka. Tofauti ni kwamba yeye huangalia kama mambo yako vilevile alivyoyaacha. Aliposinzia alikuwa mgongoni kwa mama, kitenge kimembana, mama akitembea. Anazinduka yuko kitandani, gizani, hakuna mgongo. Aliposinzia alikuwa na titi mdomoni, anazinduka halipo. Kwake hilo ni kama wewe ulale kitandani kwako uzinduke uko shambani. Utalia pia.

Dawa yake, basi, ni kumzoesha asinzie palepale atakapozindukia. Ukimwogesha, ukimlisha, ukimnyonyesha, mlaze angali na usingizi machoni lakini hajalala kabisa, kisha kaa ubavuni mwake, mpigepige mgongo taratibu, mwimbie. Usiku wa kwanza atakataa. Usiku wa nne au wa tano atakataa kidogo. Kubwa ni kwamba mambo yafuatane kwa mpangilio uleule kila jioni, kwa saa ileile, kwani mtoto hajui saa lakini anajua kinachofuata. Maji ya uvuguvugu, uji, chandarua, wimbo. Hata wimbo usiubadilishe.

Mtaona sikusema mtoto alale chumba chake. Ushauri huo umeandikwa kwa nyumba zenye vyumba vingi na watu wachache. Nyumba nyingi za kata yetu zina chandarua kimoja kwa watoto watatu, na mtoto wa miaka miwili hulala kati ya mama na dada yake. Hilo si kosa la malezi. Hata katika kitanda cha watu wengi mtoto aweza kuwa na upande wake, kipande chake cha kitenge, na utaratibu wake wa kulala. Angalizo ni moja: koroboi au mshumaa usiingie chini ya chandarua hata kwa nusu dakika. Chandarua hushika moto upesi kuliko mtu anavyoweza kuruka. Taa ndogo ya jua inatosha, nayo izimwe mtoto akilala.

Akiamka, mjibu, lakini mjibu kwa uchache. Giza libaki giza. Sauti iwe ya chini. Mkono mgongoni, maneno mawili, matatu. Ukiwasha tochi, ukamweka chini acheze, ukampa simu aangalie katuni, umemwambia kwamba saa nane ya usiku ni saa ya mchezo, na kesho ataidai. Na jibu liwe moja kwa watu wote wa nyumba. Mama akisema lala, baba akasema mlete acheze kwangu, bibi akaleta ndizi, mtoto ataendelea kuamka ili ajue leo ni zamu ya nani.

Nimetaja ndizi. Tumbo la mtoto ni dogo. Aliyekula uji mwepesi saa kumi na mbili hana budi kuwa na njaa saa nane. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji milo mitatu hadi minne kwa siku, na vitafunio mara moja au mbili, mbali ya maziwa ya mama. Mlo wa jioni uwe mzito: ndizi zilizopondwa na maharage, dagaa wa kusagwa, mboga, mafuta kidogo, karanga zilizosagwa. Chai ya rangi ya jioni aachiwe baba yake. Humwondolea mtoto usingizi na kuzuia madini ya chuma yasifyonzwe mwilini. Usingizi wa mchana usikatwe kwa matumaini kwamba usiku atalala zaidi. Mtoto aliyechoka kupita kiasi hulala vibaya. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku nzima, ule wa mchana ukiwamo. Wa miaka mitatu hadi minne, saa 10 hadi 13. Ila usingizi wa mchana usisogee hadi saa kumi na moja jioni.

Juu ya kumwachisha ziwa maneno ni mengi, nami nitasema machache. Miongozo inataka mtoto anyonye hadi miaka miwili au zaidi. Wapo wanaopaka shubiri au pilipili, wapo wanaompeleka mtoto kwa bibi wiki mbili ili asahau. Mtoto aliyepoteza ziwa na mama kwa siku moja huweza kuanza kuamka usiku kuliko zamani, maana sasa anamlinda mama asipotee tena. Ni afadhali kupunguza kidogo kidogo: wiki hii linaondoka nyonyo moja la usiku, wiki ijayo la pili, na saa ile ya nyonyo lililoondoka baba ndiye amshike mtoto, kwa kuwa baba hanuki maziwa.

Nimewaona akina baba wawili wakicheka. Cheka, ndugu yangu, lakini sikiliza. Hakuna kazi katika hizi nilizozitaja inayohitaji mwili wa mwanamke isipokuwa kunyonyesha. Kupigapiga mgongo, kubadilisha nguo mbichi, kuhesabu pumzi, kukubali kwamba leo bodaboda iitwe: haya ni ya mzazi. Wahudumu wanasema mama mwenye mtu wa kupokezana naye hata usiku mbili kwa wiki huwa tofauti kabisa na yule aliye peke yake. Na kwa mama aliye peke yake, mume akiwa ng'ambo ya mpaka kwa biashara au akiwa hayupo kabisa, jirani au shangazi amchukue mtoto mchana kwa saa mbili, mama alale. Msimsimange kwamba analala mchana.

Mzee mmoja alinikumbusha kabla sijapanda hapa: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Shikamoo mzee, methali ni ya kweli, lakini imewekwa kwa mtoto anayejua anachokifanya. Mtoto wa miezi 18 aliyezinduka gizani hajakaidi amri. Ukimpiga atanyamaza, kwa kuwa ameogopa, na mwenye hofu huzinduka mara nyingi zaidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza ukatili dhidi ya mtoto, lakini sikuja kuwatisha kwa sheria. Ukihisi hasira imefika mkononi, mlaze mtoto mahali salama chini ya chandarua, toka nje, pumua, urudi baada ya dakika tano. Kulia dakika tano hakujamuua mtoto. Na anayejua nyumba ambayo mtoto anaumizwa kila usiku, namba 116 ni ya bure na hupokea taarifa za watoto nchi nzima.

Lipo swali lililoletwa kwa karatasi, nalo nalijibu kabla sijashuka. Mama anauliza: mwanangu wa miaka mitatu, saa nne au tano ya usiku, huketi ghafla akapiga makelele, macho wazi, haniangalii, nikimshika anasukuma, baada ya dakika kumi analala, na asubuhi hajui lolote. Wifi yangu anasema ni mapepo. Mama, hali hiyo wauguzi wanaijua. Ni mtoto aliyekwama kati ya usingizi mzito na kuamka, na huwapata zaidi waliochoka mno au wenye homa. Usimtikise, usimmwagie maji. Kaa karibu asianguke, ngoja ipite, na umlaze mapema zaidi kesho yake. Wengi huacha wenyewe wakikua. Ila ukiona mwili unakakamaa, mkono au mguu unarukaruka, au povu linatoka mdomoni, hilo si lile. Hilo ni degedege, na njia ni ya kituoni.

Muuguzi atabaki pale penye mizani hadi saa nane mchana. Mwenye mtoto anayekohoa atangulie mbele ya foleni, wenye kadi za kliniki wazishike mkononi, na wenye vyandarua vilivyotoboka waandikishe majina kwa mhudumu wa afya wa kitongoji chao.